Mashini inasoma foto, haisome jicho: namna ya kupima macho ya watu wa sukari na programu

Mwezi wa saba, kiangazi ya Lubumbashi yenye vumbi nyekundu inaingia ata ndani ya friji, nilipiga foto za macho ya watu watano asubuhi moja na programu ya ordinatere yenye inasoma zile foto ikasema wote watano watumwe kwa munganga wa macho. Watano kwa watano! Nikaanza kuwaza sukari imekamata komini yetu ya Katuba nzima. Kufika kwa mama wa tano njo nikashituka, nikafungua foto zake kando ya foto za muzee wa kwanza, na kila foto iko na kadoa keusi pale pale, juu ku mukono wa kushoto, pa 10 ya saa. Sasa damu ya retina (ile ngozi ya nyuma ya jicho yenye inashika picha) itakaaje mahali pamoja mu macho kumi ya watu watano? Ilikuwa vumbi ku lensi. Nikasafisha, nikawarudisha wote ku kiti, na watatu wakatoka bila kitu.

Ile mashini haijaona jicho la mtu ata siku moja, yenye inaonaka ni foto yangu tu. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana ku foto, na ku mambo ya kisha jibu kutoka, juu katikati pale programu inajifanyia kazi yenyewe na haikuombe shauri. Naandikia baenfirmye na bastajere wenye wamepewa kamera ya retina mu kituo kidogo na wakaambiwa "ni rahisi, unabonyeza tu".

Kwa kifupi vile mambo yako: sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu vimishipa vidogo vya nyuma ya jicho. Kwanza vinavimba kama vipuli vidogo sana, kiisha vinavuja damu, vidoa vidoa, na mafuta ya njano yanabaki pembeni, na mwisho jicho linaotesha mishipa mipya isiyo na nguvu yenye inapasuka na kujaza damu ndani. Mgonjwa hasikii maumivu. Mara nyingi anaona vizuri kabisa mpaka siku yenye mambo yamekwisha haribika. Programu imefundishwa kwa kuonyeshwa foto nyingi zenye wadaktari wamekwisha kuzipa alama, ile ya Google yenye ilitangazwa 2016 kwa mfano ilipewa foto 128,175, zikapimwa na wadaktari 54 wa Marekani, wa macho na wenye walikuwa wanamaliza masomo ya macho. Kwa hiyo inajua vile damu inafananaka mu foto. Haijui kama jana mvua ilinyesha, haijui kama mgonjwa alipepesa, na haijui kama we ulisahau kusafisha lensi.

Watu wananiulizaka kama vitu vyenye vilifundishwa mbali vitaweza macho yetu, juu nyuma ya jicho la mtu mweusi iko na rangi nzito zaidi. Swali ni ya maana, na jibu liko karibu: pita Kasumbalesa, Chililabombwe, Chingola, unafika Kitwe, mu jimbo la Copperbelt la Zambia. Programu yenye ilifundishwa na foto za Singapore ilijaribiwa na foto za Wazambia 1,574 wa Copperbelt, matokeo yakatoka 2019. Macho yenye ugonjwa wa kutumwa kwa munganga, iliyakamata 92 kwa 100, na macho yenye hayana huo ugonjwa iliyaacha yapite 89 kwa 100. Shika ile 89 mu kichwa, tutairudilia.

Hatua ya 1: soma karatasi ya programu yako

Inachosha lakini soma. Kila programu iko na kamera yenye ilijaribiwa nayo, umri wa watu, na hesabu ya foto zenye inataka. IDx-DR, yenye mu 2018 ilikuwa ya kwanza kupewa ruhusa Marekani kutoa jibu bila munganga wa macho kuangalia foto, ruhusa yake ni ya watu wa miaka 22 na zaidi wenye wanajulikana wako na sukari, na inataka foto mbili kwa kila jicho. Ya kwako inaweza kuwa tofauti. Ukiipa foto ya mtoto wa miaka 12 inaweza kukujibu tu, haitakatala, lakini ile jibu haina musingi.

Hatua ya 2: chumba na kura (umeme)

Chumba kiwe giza. Giza ya kweli, hapana pazia la kitenge lenye jua inapita. Mboni inafungukaka mu giza, na mboni ikiwa ndogo foto inatoka na kivuli pembeni. Siye tulipiga misumari blanketi nzito ku dirisha, haipendeze lakini inafanya kazi.

Kamera na ordinatere vipite ku onduleri (ile betri ya kuchunga mashini), hapana ku ukuta moja kwa moja. Kura inaendaka na kurudi na nguvu, na ile ya kurudi njo inauaka mashini. Kama betri iko ya dakika 20, jua kwamba uko na dakika 20 za kumaliza mgonjwa mwenye yuko ku kiti na kuhifadhi faili zake, usianze mwengine.

Lensi isafishwe kila asubuhi, na mu kiangazi tena saa sita. Kwanza pampu ndogo ya mpira ya kupulizia, ile inaondoa vumbi bila kugusa, kiisha karatasi ya lensi, kwa mzunguko toka katikati. Usipulize na kinywa (mate yanakauka na kuwa madoa), na mama yangu wee usipangushe na kikwembe wala blouse, chembe za mchanga zinakwaruza kioo na mkwaruzo hautoki tena. Kisha kusafisha, piga foto moja ya karatasi nyeupe. Ukiona doa, bado.

Hatua ya 3: nani akae ku kiti

Mtu wa sukari ya ukubwani, ile aina ya 2, apimwe macho tangu wakati uleule anaambiwa ako na sukari, juu pengine ilikuwa ndani yake miaka mingi kimya. Wa aina ya 1, yenye inaanzaka mara nyingi ku watoto na vijana, kisha miaka mitano ya ugonjwa. Mama mwenye alikuwa na sukari na akabeba mimba, apimwe mu miezi mitatu ya kwanza, mimba inaweza kusukuma ugonjwa wa jicho mbio. Kisha ile mara ya kwanza, kila mwaka.

Kuko wenye hawapashwe kukaa ku kiti chako kabisa. Mtu mwenye anakuambia "tangu juzi naona pazia", ao "vitu vyeusi vinaelea mbele ya jicho", ao jicho linauma na ni jekundu, huyo mutume kwa munganga wa macho siku ileile. Usipoteze saa moja kutafuta foto nzuri. Programu ni ya watu wenye wanasema wanaona vizuri.

Hatua ya 4: karatasi ya E, kiisha matone

Kuona kwa mtu kupimwe na karatasi ya herufi E ya ukutani, mbele ya kutia matone, juu kisha matone hataona kitu ya karibu na vipimo vyako vitakuwa uongo. Jicho moja moja, na linete zake (miwani) kama yuko nazo. Usiruke hii hatua kwa kusema mashini itaona: foto ni ya bapa, haionyeshe vizuri kama katikati ya retina imevimba maji, na mara nyingine ile herufi E yenye mtu amekosa ku mstari wa nne njo inakupa alama yenye foto imeficha.

Matone ya kufungua mboni ni tropicamide. Kamera nyingi za siku hizi zinaandikwa kwamba hazitaki matone, na ku kijana ni kweli, lakini bazee wetu mboni zao ni ndogo, na mwenye sukari ya miaka mingi mboni yake inakuwa ngumu kufunguka. Jaribu bila matone kwanza, foto ikikataa, weka. Macho ya rangi nzito yanachelewa kufunguka, kwa hiyo hesabu dakika 20 mpaka 30, usiangalie saa kila dakika tano na kuongeza tone juu ya tone. Uliza mbele kama aliwahi kuambiwa ako na presio ya jicho (maji ya ndani yanasukuma kupita kiasi), ao kama matone yaliwahi kumuletea maumivu, akisema ndiyo uliza munganga kwanza. Na mwambie wazi: masaa machache mbele utaona karibu vibaya, jua itakuumiza, usiendeshe moto (pikipiki), na kama usiku jicho linauma sana na unatapika, rudi mara moja. Hiyo ya mwisho ni nadra sana lakini ikifika haingoje asubuhi.

Hatua ya 5: foto yenyewe

Hapa njo kazi yote iko.

Jicho la kuume kwanza, siku zote, ata kama mgonjwa anakuambia "ni la kushoto linanisumbua". Ukibadilisha mpango kwa sababu ya mtu mmoja, siku moja utaandika kuume kumbe ni kushoto. Njia ya kujikagua: mu foto ya jicho la kuume, kile kiduara cha njano-nyeupe chenye mishipa yote inatokea kinakaa upande wa kuume wa skrini. La kushoto, upande wa kushoto. Kama foto na jina havipatane, simamisha.

Kidevu ku kibao, paji la uso liguse kabisa ule mkanda, mabega chini. Bamama wengi wanakujaka na kilemba, na kilemba kinasukuma kichwa nyuma sentimita mbili, foto inatoka na ukungu na we unahangaika na fokasi bure. Omba kwa heshima: "Mama, tunaweza kusogeza kilemba kidogo nyuma?" Wote wanakubalika ukiomba vizuri. Kiisha mwambie apepese mara mbili, afungue macho makubwa kama mwenye ameona nyoka, na hapo njo unabonyeza. Ile ya nyoka inawachekesha, na mtu mwenye amecheka anapumua, mabega yanashuka.

Kila jicho foto mbili kama programu yako inataka hivyo, moja katikati iwe ile sehemu nyeusi-nyeusi yenye tunaonaka nayo mbele, moja katikati iwe kile kiduara. Kati ya foto ngoja. Flashi ya jicho moja inafunga mboni za macho yote mawili, na kama hukutia matone, dakika chache mu giza zinakupa foto nzuri kupita kubonyeza mara sita kwa hasira.

Kisha kila foto, ikuze ku skrini mbele ya kumuachilia mtu. Unaweza kuhesabu vimishipa vidogo vyenye vinazunguka pale katikati? Ukiviona vizuri, foto ni nzuri. Usipoviona, mashini nayo haitaona kipuli kidogo. Ukungu mweupe pembeni kama mwezi: uko karibu sana ao mbali sana, rudisha kamera polepole. Kivuli kizito pembeni: mboni ndogo. Michirizi: kope, mwambie afungue zaidi ao inua kope na pamba. Doa lenye halitembei toka mtu mmoja mpaka mwengine: lensi, nimekwisha kulia hiyo. Na kama foto yote ni kama umeangalia kupitia maji ya mchele, umejaribu mara tatu, ya jicho lingine iko safi, acha kulaumu kamera, huyo pengine ako na mtoto wa jicho, na ile yenyewe ni sababu ya kumutuma.

Usione haya foto zikikataliwa. Google walipopeleka programu yao mu vituo 11 vya Thailand, baenfirmye wa kule walipiga foto na programu ikakataa karibu 21 kwa 100 juu hazikuwa safi za kutosha, vyumba vilikuwa na mwangaza mubaya na rezo (intaneti) ilikuwa inatambaa. Ile ripoti ya 2020 nimeisoma mara mbili, nikasema kumbe si siye tu.

Hatua ya 6: kutuma

Kama programu inafanya kazi ndani ya ordinatere bila intaneti, ruka hapa. Kama ni ya kutuma, patia faili namba ya mgonjwa na herufi ya jicho, hapana jina lake. Tuma wakati rezo iko nzuri, siye ni asubuhi mbele ya saa mbili, kiisha mega zinaisha na kila mtu yuko anaangalia video.

Na tafazali, usipitishe foto mu WhatsApp kama picha ya kawaida ndipo uipakue uipe programu. WhatsApp inakamua foto ili iwe nyepesi, na kile kipuli chenye tunatafuta ni nukta chache tu za skrini, kinapotea mu kukamuliwa, jibu linatoka "hakuna kitu" na we unafurahi. Nilifanya hiyo karibu wiki mbili kabla mwenzangu kuniuliza mbona faili zangu ni ndogo hivi. Kama hauna njia nyingine, tuma kama dokima, haitaguswa.

Hatua ya 7: jibu limetoka

Majibu kwa kawaida ni matatu. Foto haisomeki, hakuna alama za kutumwa, ao kuko alama, atumwe.

"Haisomeki" si jibu zuri wala baya, ni foto yako inarudi. Rudilia, na kama mara ya pili inakataa tena na matone yalikuwa ndani, mutume. Usimuandikie "mzima" juu tu mashini ilinyamaza.

"Hakuna" maana yake hakuna alama za ugonjwa wa sukari za kiasi cha kutumwa, mu foto hizi, leo. Arudi kisha miezi 12. Haina maana macho yake ni mazima, programu nyingi hazitafute presio ya jicho, na mtu anaweza kutoka kwako na karatasi ya "hakuna" na presio inakula jicho taratibu. Kama karatasi ya E ilikuwa mbaya na mashini imesema hakuna, amini karatasi ya E.

"Atumwe" njo pale tunarudilia ile 89. Chukua watu 100 wa sukari, na tuseme, kwa mfano tu, 10 wako na ugonjwa wa kutumwa. Kwa namba za Kitwe mashini itakamata 9 hivi. Kati ya 90 wenye hawana, itapitisha 80 na itashika 10 bure. Kwa hiyo wenye utatuma ni 19, na wenye wako na ugonjwa kweli ni 9. Karibu nusu kwa nusu! Mashini haijaharibika, njo vile kuchuja kunafanya kazi, unakubali kusumbua wachache ili usipoteze mwenye anaelekea giza. Lakini inabadilisha vile unaongea.

Hatua ya 8: kumwambia mtu

Usiseme "mashini imesema uko na ugonjwa wa macho". Usiseme pia "ni kitu kidogo tu", atarudi nyumbani. Mimi nasemaka hivi:

"Mama, foto ya jicho la kuume imeonyesha alama zenye munganga wa macho anapashwa kuangalia yeye mwenyewe. Pengine atasema hakuna kitu. Pengine atasema kuko damu kidogo, na kuko dawa yake."

"Lakini mwanangu, mi naona vizuri. Nachambua muchele bila linete."

"Ndiyo mama, njo wakati muzuri wa kwenda, ungali unaona. Laser na sindano vinachunga yenye iko, yenye imekwisha poteya mara nyingi hairudi."

Kiisha nageuza skrini nimuonyeshe. Jicho lake, damu yake. Mu jaribio moja la Rwanda, karibu na Kigali, lenye watu 275 na programu ya Orbis, shirika la macho, yenye inaitwa Cybersight AI, wenye walipewa jibu palepale walifika kwa munganga wa macho 51.5 kwa 100, na wenye walingoja jibu siku chache walifika 39.6. Ona tena hiyo namba ya juu: ata na jibu palepale, karibu nusu hawakufika. Kwa hiyo usimuachilie na karatasi mkononi na "uende siku moja". Muulize siku gani, na nani atamusindikiza, na makuta ya transporti iko wapi, na kama jibu ni "tutaona", piga simu kwa mtoto wake mkubwa pale pale mbele yake.

Glisemi (kipimo cha sukari ya damu) na tansio (presio ya damu) viandikwe ku karatasi ileile ya kumutuma, munganga atahitaji, na muongee navyo, juu laser haitengenezi sukari yenye inabaki juu. Na ile mambo ya sukre (soda): ukimuuliza mtu "unakunywaka sukari?" anasema apana, hatii sukari ata mu chai, kumbe sukre baridi chupa mbili kwa siku. Uliza kwa jina la chupa.

Hatua ya 9: rejistre

Safu ya mwisho ya rejistre yetu, kitabu cha wagonjwa, imeandikwa ALIFIKA, na kisha wiki mbili nafuata wenye safu yao ni tupu. Chukua namba mbili za simu, juu moja mara nyingi si yake. Mama mmoja namba yake ilikuwa ya jirani muuza makala, nikapiga mara tatu, mara yuko soko, mara hayuko, mara simu imezimwa. Mara ya nne jirani akacheka kabla sijamaliza kuuliza: "Alienda asubuhi, amerudi sasa hivi, wamemutia matone, yuko anatuita tumukatie kitunguu, anasema haoni kisu." Nikaandika tarehe.